Insha nne katika chuo cha watu 600

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mkutubi msaidizi katika chuo cha ualimu huku Kanda ya Kati. Tuna wanachuo kama 600, maktaba ya viti 64, na kompyuta nne ambazo mbili ndizo nzima. Wiki mbili kabla ya mitihani watu wanagombania viti. Siku nyingine nakaa mimi na magazeti. Mwaka jana niliandaa shindano la insha kuhusu umuhimu wa maktaba. Zikaja insha nne, na mbili kati ya hizo zilifanana hadi makosa. Sasa mkuu wa chuo amenipa shilingi 300,000, anataka maktaba iwe na matukio, mashindano na warsha, kisha nimpelekee ripoti. Nianzie wapi nisiaibike tena?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe aibu. Mimi mwaka wangu wa pili kazini niliandaa Wiki ya Maktaba yenye turubai, spika na mgeni rasmi. Mgeni alichelewa saa mbili nzima, soda zikapata moto juani, risala ikasomwa kwa watu waliokwisha kusinzia. Alipomaliza kuhutubia, wanachuo wote wakaelekea bwaloni kwa njia ya mkato inayopita nyuma ya maktaba. Hakuna hata mmoja aliyeingia ndani, na hata angetaka asingeweza, maana nilikuwa nimefunga mlango: viti vyote vilikuwa nje chini ya turubai. Chuo chenyewe sikitaji. Ila picha tulipiga nyingi, na ripoti ilisomeka vizuri mno. Kwa hiyo insha zako nne mimi naziona nyingi.

Hilo neno matukio silipendi sana. Wenye kitabu cha matukio ni polisi. Mimi huziita shughuli. Na tunavyosema wenyewe, shughuli watu. Harusini ni kweli, ukumbi ukiwa mtupu hata pilau halina ladha. Maktabani watu peke yao hawatoshi. Shughuli ya maktaba nahesabu imefaulu pale mtu anapoondoka akiijua rafu moja ambayo jana hakuijua, na kesho akairudia mwenyewe, hakuna spika, hakuna soda, hakuna aliyemwita. Kila ninachokuandikia hapa kinatoka kwenye kipimo hicho, na ukiona nimekwenda kinyume nacho, nipuuze.

Tuipasue ile insha tuone ilikufa kwa nini. Mwanachuo wako ana azimio la kazi, ana maandalio ya masomo, ana zana za kutengeneza kwa makaratasi ya maboksi, ana kazi za vikundi ambazo wawili wanafanya na sita wanaandikisha majina. Wewe ukamwongezea insha. Mkutubi wa Kihindi, S. R. Ranganathan, alitoa mwaka 1931 kanuni tano ambazo wakutubi tunazikariri mpaka leo. Ya kwanza inasema vitabu ni vya kutumiwa, ya nne inasema okoa muda wa msomaji. Shindano lako lilimla msomaji muda badala ya kumwokolea. Kosa la pili ni kubwa zaidi: insha ile iliweza kuandikwa bwenini, kitandani, kwa kuchungulia ya jirani, na ndiyo maana mbili zikafanana. Siku hizi hata jirani hahitajiki, simu inaiandika yote kabla chai haijapoa. Shindano ambalo mtu anaweza kulishinda bila kukanyaga maktaba si la maktaba, hata ukilifanyia chini ya bango lenye jina lake. Na mada nayo, tusemezane ukweli, tulikuwa tunawaomba watusifie.

Kwa hiyo usianze na ratiba. Anza na daftari. Jumatatu chukua daftari la kurasa themanini, uliweke kwenye dawati la kuazimia, na kwa wiki mbili andika kila swali unaloulizwa, kama lilivyoulizwa, usilinyooshe. Utapata haya: "Kuna cha Hisabati darasa la tatu, ule mtaala mpya?" "Mkufunzi amerudisha kazi yangu anasema marejeo siyo, sasa anataka nini?" "Ile riwaya yenye jalada jekundu mmeiweka wapi?" "Naweza kuchaji hapa?" "Hivi vitabu vya watoto mnavyo?" Usicheke lile la kuchaji, tutalirudia. Wiki mbili zikiisha, piga mstari chini ya maswali yaliyojirudia. Hizo ndizo shughuli zako za mwaka. Warsha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiulizia pale dawatini itakuwa na wahudhuriaji watatu, mmoja wao mlinzi.

Na usijilinganishe na wakubwa. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyofunguliwa Novemba 2018, inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Pale mkutubi hawezi kumjua kila mtu. Wewe mwenye viti 64, ndani ya muhula mmoja utamjua hadi anayependa kukaa karibu na feni. Huo ni mtaji, tuutumie.

Shughuli ya kwanza ningefanya ni msako wa namba. Wanachuo wengi hawajui zile namba za kwenye migongo ya vitabu zinafanya kazi gani. Wanatafuta kitabu kwa rangi, kama huyo wa jalada jekundu, au wanakuuliza wewe. Kama ulipitia Chuo cha Ukutubi pale Bagamoyo, Dewey, yaani huo mfumo wa kupanga vitabu kwa namba, unaijua kwa ndoto, na ndiyo hatari yenyewe: umesahau ilivyokuwa kutokuijua.

Fanya hivi. Chagua vitabu kumi na viwili vilivyotawanyika maktaba nzima. Ndani ya kila kimoja weka kadi yenye neno moja, na hayo maneno kumi na mawili yakipangwa yawe methali mbili fupi. Wanachuo wawili wawili, kila jozi inapewa karatasi ya dalili. Dalili usiandike jina la kitabu. Andika kitendawili au swali, na pembeni namba ya rafu ikiwa nusu tu. Kwa mfano: "Nyumba yangu haina mlango, ninakaa 398." Watakwenda 398 wakute ngano, vitendawili, methali, wasimame pale wakihangaika, halafu mmoja aseme kitendawili kile jibu lake ni yai na vitendawili viko 398.6. Dalili nyingine iwapeleke 796.334, kwenye mpira wa miguu, maana wapo wavulana chuoni kwako walioapa kwamba maktaba haina kitu chao. Nyingine 967.8, historia ya Tanzania. Nyingine 896.392, fasihi ya Kiswahili, ambayo dalili yake usiiweke mbali na ya 496.392, lugha yenyewe, kwa sababu kila mwaka wanazichanganya. Na dalili tatu nne ziwapeleke 372, elimu ya msingi, kwa kuwa huko ndiko watakakoishi: 372.4 kusoma, 372.7 hisabati.

Hapo kwenye 372 simama mwenyewe uangalie. Utaona jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulielewa. Mwanachuo anatafuta 372.41. Anafika 372.5, anafika 372.7, anaendelea mbele, anafika 373 za sekondari, anarudi amekasirika: "Hakipo." Kwa nini alipita? Kwa sababu kichwani mwake arobaini na moja ni kubwa kuliko saba, kwa hiyo 372.41 lazima iwe mbele ya 372.7. Mwambie baada ya nukta asisome namba nzima, asome tarakimu moja moja: nne, halafu moja. Nne inatangulia saba, basi kiko nyuma yako. Nilimwona binti mmoja akirudisha kidole taratibu kwenye migongo ya vitabu, midomo ikihesabu, akasimama, akachomoa kitabu, akamgeukia mwenzake: "Kumbe siku zote nilikuwa navuka." Maelezo hayo nilikuwa nimeyatoa kwa mdomo kila Septemba kwa wanachuo wageni wote, wakiwa wameketi, na sidhani yaliwahi kumwingia mtu.

Kanuni zake: kadi haiondolewi kitabuni, neno linanakiliwa tu, kitabu kinarudi kilipotoka, kila jozi inaanzia dalili tofauti ili wasirundikane rafu moja, dakika 25, basi. Jozi kumi na mbili zinatosha kwa chumba chako. Anayekimbia anatolewa. Siku moja kabla, pita wewe na orodha uhakikishe kila kitabu kipo mahali pake na lebo haijabanduka, maana msako utaumbua rafu zako kuliko mkaguzi yeyote. Mimi mara ya kwanza niligundua nusu ya 510 ilikuwa kwenye 570, hisabati imelala na biolojia, na sijui tangu lini.

Zawadi yake sasa. Usinunue kombe, vumbi litakunywa humo. Turudi kwa yule aliyeuliza habari ya kuchaji. Maktaba yako ina soketi ngapi zinazofanya kazi, na viti vingapi viko karibu nazo? Wiki mbili za kabla ya mitihani, kiti chenye soketi ni dhahabu. Watu wanaweka madaftari tangu saa kumi na mbili asubuhi kukishikilia. Basi jozi iliyoshinda ipewe viti viwili vyenye soketi, vimeandikwa majina yao, kwa wiki hizo mbili. Senti moja hujatoa, na hakuna hela utakayotoa itakayopiganiwa kama hiyo. Jozi ya pili, wape ruhusa ya kuazima vitabu viwili zaidi ya kawaida mpaka mwisho wa muhula.

Shughuli ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ungekuwa na nguvu za kufanya moja tu mwaka mzima ningekuambia ufanye hii. Nyie ni chuo cha ualimu. Bila shaka mna shule ya mazoezi hapo jirani. Fanya shindano la kusoma hadithi kwa sauti, na majaji wawe watoto wa darasa la pili.

Nieleze kwa utaratibu. Washiriki sita, si zaidi, kila mmoja dakika nne. Sita mara nne ni dakika 24, na mtoto wa darasa la pili akishavuka nusu saa amekwisha. Sharti la kuingia: kitabu kiwe cha maktaba yako, na mshiriki awe amekiazima kwa kadi yake mwenyewe siku saba kabla. Kwa sharti hilo moja, asiye na kadi anakuja kuitengeneza, na wote sita, pamoja na ishirini walioshindwa kwenye mchujo, wanakwenda kupekua vitabu vya watoto na ngano za 398.2 ambazo zilikuwa zinakaa na buibui. Kama vitabu vya watoto huna, ngano yoyote fupi inafaa, mshiriki ataipunguza mwenyewe. Kupunguza hadithi imfae mtoto ni kazi ya ualimu kabisa.

Nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya mazoezi mapema, umwombe watoto thelathini na mwalimu wao mmoja. Tandika mikeka, viti visogezwe ukutani. Wakati wa kupiga kura, kila mtoto anapewa punje moja ya maharage. Nyuma ya kabati, pasipoonekana, panga makopo sita yenye picha: kiboko, kuku, kobe, popo, sungura, samaki. Kila msomaji alikuwa amevaa picha yake kifuani. Mtoto anapita nyuma ya kabati peke yake, anadondosha punje kwenye mnyama wake, anatokea upande wa pili na kupewa andazi. Andazi ni la wote, siyo la mnyama fulani. Hilo lisimamie vizuri, watoto wanajua kuhonga na kuhongwa kama sisi.

Niliyoyaona kwenye shindano kama hilo yamenikaa. Kulikuwa na kijana bingwa wa midahalo, sauti ya redio, suruali imenyooshwa. Alisoma akitazama dari, mikono ikipaa, kama anahutubia Bunge. Kopo lake, punje tatu. Akafuata dada mmoja ambaye hata jina lake chuoni sidhani wengi walilijua. Alipiga magoti mkekani, akakigeuza kitabu kiwatazame watoto, yeye akawa anasoma kwa kuchungulia juu juu. Katikati akanyamaza. Akawauliza: "Sasa hapa atapita wapi?" Watoto walipiga kelele mpaka mkufunzi wa zamu akaja kuangalia kuna nini. Kopo la kobe likajaa. Yule bingwa wa midahalo, nampa heshima yake, wiki ile ile alikuja kuazima vitabu vitatu vya watoto, akaniuliza kama ninavyo vyenye picha kubwa.

Jaji mtu mzima angempa ushindi kijana wa sauti ya redio, na sote tungepiga makofi. Ndiyo maana nasema majaji wawe watoto. Wakufunzi wa mbinu za kufundishia waalike wakae nyuma. Sijawahi kuona mmoja akatoka pale asiseme lile zoezi angelifanya sehemu ya darasa lake. Ukishampata mkufunzi akaiingiza shughuli yako kwenye alama zake, hutahitaji tena kubandika tangazo.

Warsha nitazungumzia kwa ufupi zaidi, kwa sababu hapo watu wengi hukosea kwa kuzidisha. Warsha ya maktaba iwe ya dakika 40 na iwe na jambo moja. Ukiandika kwenye tangazo "matumizi ya maktaba, rasilimali za kielektroniki, marejeo na maadili ya utafiti", umeandika semina ya siku tatu yenye posho, na posho huna.

Warsha ya marejeo, kwa mfano. Usije na slaidi. Kila mtu aingie, achukue kitabu chochote rafuni, akae nacho. Mwambie afungue nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, pale penye maandishi madogo. Mwaka uko pale, siyo kwenye jalada. Pengine iko mitatu: toleo la kwanza, toleo la pili, kuchapwa upya. Mwaka wa toleo alilolishika ndio anaouandika. Kuchapwa upya si toleo. Sasa aandike: jina la ukoo la mwandishi, herufi za kwanza za majina mengine, mwaka kwenye mabano, jina la kitabu, mchapishaji. Hapo ndipo yule aliyerudishiwa kazi anapopata jibu lake, maana mtindo wa APA, ule wa kuandika marejeo unaofuatwa vyuoni vingi, ulibadilika katika toleo la saba la mwaka 2019: mji wa mchapishaji hauandikwi tena. Wapo wakufunzi wanaodai bado "Dar es Salaam" na nukta mbili kabla ya jina la mchapishaji, na wapo wanaoikata. Kabla ya warsha, pita ofisini kwao uwaulize mnafuata toleo lipi. Usiwapiganishe wanachuo na wakufunzi wao. Wewe utabaki salama dawatini, wao watakula supu, ile mitihani ya marudio.

Mkishamaliza hiyo, wiki mbili baadaye fanya shindano la marejeo hewa. Hili nimelianza miaka ya karibuni baada ya kuona kazi za utafiti tendaji zenye orodha nzuri ajabu ya vitabu na makala, majina ya wasomi, miaka, hata kurasa, na nusu yake havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Programu za akili mnemba hutunga marejeo kwa ulaini uleule zinaotungia shairi. Andaa orodha ya marejeo kumi: sita ya kweli, yakiwemo matatu ya vitabu vilivyomo rafuni mwako, na manne hewa. Hayo manne utayapata kwa kuiomba programu ikupe marejeo ya mada nyembamba, kisha uyahakiki moja moja. Vikundi vya watu watatu, dakika 30, kuthibitisha kila rejeo: rafuni, kwenye katalogi, mtandaoni. Utamu wake ni kwamba marejeo hewa mengine yana mwandishi wa kweli na jarida la kweli. Kisichokuwepo ni makala tu. Mpaka ufungue jarida lenyewe, juzuu ileile, ukurasa uleule, ukute pale pana makala ya mtu mwingine kuhusu mbolea. Kikundi kitakachosema "la nne ni hewa" bila kueleza kimejuaje, hakipati alama.

Yule aliyeulizia vitabu vya mtaala mpya naye apate warsha yake: Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na simu ya kawaida inafungua. Kaa na watu kumi kumi, simu mkononi, kila mmoja atoke amekifungua kitabu cha somo atakalokwenda kufundisha kwenye mazoezi. Wasio na bando waje kwenye zile kompyuta mbili. Na ukisikia mtu anapendekeza kitabu kizima kipelekwe steshenari kutolewa kopi darasa zima, mkumbushe kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na kwamba mkutubi ndiye mtu wa mwisho anayetakiwa kuonekana ameshika foleni hiyo.

Tarehe usizifuate kibubusa. Utaambiwa Aprili 23 ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, UNESCO iliipitisha mwaka 1995. Siku nzuri, lakini kama mitihani yenu iko Mei, Aprili 23 hakuna mtu atakayekuja kusaka vitendawili. Siku hiyo fungua mlango mapema, wawashie taa, uwaache. Septemba 8, Siku ya Kisomo Duniani, kama mmekwisha kufungua chuo, inakaa vizuri na lile shindano la kusoma kwa watoto. Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, iangalie na ratiba yenu ya mazoezi ya kufundisha. Kama watu wapo, waachie uwanja washairi wa chuo walumbane papo kwa papo, neno la kufungulia litoke kwenye kamusi ya maktaba iliyofunguliwa bila kuchagua ukurasa. Msako wa namba uwe wiki ya tatu tangu wageni wafike. Wiki ya kwanza bado wanatafuta ndoo.

Jambo dogo lenye faida kubwa: wiki ya msamaha wa faini, mwishoni mwa muhula. Boksi mlangoni, aliyekawia na kitabu anadumbukiza, haulizwi. Niliwahi kukuta humo kitabu chenye muhuri wa miaka sita nyuma, ndani yake andalio la somo la mtu ambaye wakati huo alikwisha kuwa mwalimu mkuu.

Fedha zako 300,000 gawa hivi. Fungu kubwa, kama nusu, nunua vitabu vya watoto. Vitabaki baada ya shughuli. Robo iwe ya manila, kalamu za rangi, gundi, lebo mpya za migongo ya vitabu na kutoa kopi. Maandazi na chai ya watoto na majozi ya msako visizidi robo iliyobaki, sabini na tano elfu. Usitoe hata shilingi kwa turubai. Na kama mkuu anataka mgeni rasmi, usibishane naye, ila mgeni apewe karatasi ya dalili na mwenza, naye asake. Itifaki itazingatiwa akiwa amepiga goti kwenye rafu ya chini.

Matangazo: ubao wa matangazo umekufa siku nyingi, ni wa kubandikia yaliyokwisha. Wapate viongozi wa madarasa, watume kwenye makundi yao ya WhatsApp, na waziri wa elimu wa serikali ya wanachuo aseme mstarini asubuhi, sentensi mbili tu, moja wapo itaje soketi. Bandika mlangoni saa za kelele, tuseme Jumatano saa kumi hadi kumi na moja na nusu jioni, ili mwenye kutaka utulivu ajue siku yake. Wapo wasomaji wako kumi na wawili waaminifu ambao hawapendi msako wala malumbano, wanaopenda kona yao tu. Hao usiwafukuze kwa furaha yako.

Ripoti ya mkuu. Atataka idadi ya waliohudhuria, mpe, daftari la mahudhurio unalo. Lakini weka na hesabu nyingine. Kabla ya msako, chukua vile vitabu kumi na viwili na majirani zao wa kushoto na kulia, hesabu mihuri ya miezi mitatu iliyopita kwenye karatasi za tarehe za kurudishia. Miezi mitatu baadaye hesabu tena. Kama mnatumia Koha, ile programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, ripoti ya uazimaji kwa namba za rafu itakupa jibu hilo kwa dakika tano. Mihuri ikiongezeka kwenye 372 na 398, shughuli ilifanya kazi hata kama walikuja watu thelathini. Isipoongezeka, andika hivyo hivyo kwenye ripoti na useme muhula ujao utabadilisha nini. Mkuu wa chuo aliyezoea ripoti za "shughuli ilifana" ataisoma yako mara mbili.

Na kabla hujatangaza zawadi, mwite fundi umeme. Kila maktaba ninayoijua ina soketi moja karibu na dirisha ambayo chaja haishiki mpaka uiegemeze na kamusi. Aikaze kwanza.